Risoti inayopanga siku kwa maji: mapumziko yetu Mtwara, michezo ya mchangani, Mikindani na Msimbati

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka: nendeni, na mkienda chukueni watoto na wazee wenu, maana hii sehemu inawafaa watu wa rika zote kuliko hoteli nyingi za pwani nilizowahi kulala. Sio risoti ya marumaru na mabwawa ya kuogelea, hapana, ni ya kawaida tu, ipo pembeni ya mji wa Mtwara upande wa baharini, vyumba vimeezekwa makuti, mgahawa ni mmoja, kuna mabanda ya kivuli na kiwanja cha mchanga basi. Anayetaka jina na namba zao anicheki pembeni nitampa, hapa nataka niongelee huduma yenyewe kwa uwazi, mazuri yao na yale ambayo kwakweli lazima wayarekebishe.

Kilichonifanya nikae chini niandike yote haya ni kitu kimoja, hawa watu wanapanga siku yako kwa kufuata maji. Pale risepsheni kuna ubao, kila jioni wanaandika kwa mkono kesho maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi, halafu chini yake ndo inakuja ratiba, kuogelea saa fulani, mpira saa fulani, gari la Mikindani linaondoka saa fulani. Mtu ambae hajakaa pwani anaweza kuona ni jambo dogo ila wale mliowahi kulipa hela nyingi hoteli ya ufukweni mnajua, unaamka asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, mnatoka nje mnakuta bahari imehama, imebaki tope na mawe na majani ya bahari mpaka kule mbali, unamuuliza mhudumu yanarudi saa ngapi anakwambia yatarudi tu dada. Mnakaa chumbani mnatazama tivii mpaka saa nane, na hiyo siku mmeilipia.

Kwa Mtwara hili jambo ni kubwa zaidi kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati hapo mnapata maji mafu ambapo bahari haiendi mbali wala haijai sana. Na kila siku maji yanasogea mbele kama dakika 50 hivi, yaani leo yakijaa saa nne asubuhi kesho ni karibu saa tano, kwa hiyo hoteli ikishachapisha ratiba yake mara moja ikaigandisha ukutani mwaka mzima ujue hiyo ratiba ni ya mapambo tu. Hawa wa kwetu ubao wanaufuta kila siku. Nilimuuliza dada wa risepsheni nani anawapigia hesabu akanambia kuna mvuvi wa zamani anafanya kazi ya bustani hapo, yeye ndo anawapa, halafu wao wanalinganisha na jedwali la bandari. Nikapenda sana, maana wamejua ujuzi uko wapi na wanautumia kila siku.

Vyumba sitavisemea sana, ni safi, neti za mbu nzima hazina matundu, AC inafanya kazi, maji ya moto yapo, waifai inashika risepsheni na mgahawani basi, ukiingia chumbani imekata. Chumba cha familia tulilipa shilingi 220,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, watoto wawili ndani. Mama mkwe alichukua chumba chake cha chini, bei karibu nusu ya hiyo, na walimpa kile kilicho karibu na mgahawa bila sisi kuomba kwa sababu walimuona anatembea na bakora, hilo nimelihesabu kwenye mazuri yao.

Sasa michezo. Maji yakikupwa jioni mchanga unabaki mgumu na mpana, hapo ndo wahudumu wanatoka na mipira na kamba. Voliboli ipo, mpira wa miguu wa mchangani upo, kuvuta kamba wageni kwa wahudumu (wahudumu wanashinda kila siku, wamejazia kwa kubeba madumu ya maji hao), rede kwa watoto wa kike na wa kiume kwa pamoja, mbio za magunia, mbio za ndimu kwenye kijiko. Hakuna mtu anakulazimisha wala hakuna yule mtu wa kipaza sauti anayepiga kelele "amsha amsha" mpaka kichwa kiume. Kijana anayesimamia watoto ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, anafanya kazi hapo wakati wa likizo, na unaona kabisa anajua kazi yake, anagawa timu kwa saizi sio kwa kelele, mtoto mwenye aibu anampa kazi ya kuhesabu magoli kwanza halafu taratibu anamuingiza. Binti yangu wa darasa la pili alianza na kuhesabu, siku iliyofuata alikuwa katikati ya rede anakwepa mpira na dada zake aliowajua jana yake tu.

Ila kilichonikamata mimi ni bao. Chini ya mkwaju wameweka mabao mawili ya mti mgumu na kete za komwe zile za kijivu, na jioni anakuja mzee mmoja wa mtaa wa jirani, wanamlipa kufundisha wageni. Mwanangu wa kiume alipofika akamwamkia, "Shikamoo babu," mzee akajibu "Marahaba mjukuu wangu, kaa hapa mbele yangu, sogeza na mama yako aone." Na kweli nikasogea. Nilikulia kwenye nyumba ambayo bao lilikuwa la wanaume wa barazani, nimepita pembeni yake utoto mzima bila mtu kunieleza kinachoendelea, hivyo kukaa pale nikafundishwa hatua kwa hatua kwangu ilikuwa zawadi kabisa.

Kwa wasiojua, bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo nane nane, safu mbili zako mbili za mwenzio, na kete jumla 64. Mnaanza kila mtu ana kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zimo kwenye nyumba, lile shimo la mraba, halafu 22 zinabaki mkononi. Kwanza mnanamua, yaani kila zamu unaingiza kete moja kutoka mkononi, mpaka mkono uishe ndo mnaingia mtaji ambapo mnacheza na zilizopo ubaoni tu. Wengi wanadhani mchezo uko kwenye kula, babu akawa anasema hapana, mchezo uko kwenye kusubiri. Mwanangu alitaka kuimwaga nyumba yake mapema maana aliona kete nyingi zimejaa, babu akamshika mkono taratibu, "Nyumba usiisafirishe sasa hivi, mwenzio anaingoja hiyo hiyo." Yule mtoto akatulia, akatafuta njia nyingine kutokea kichwani, yaani lile shimo la mwisho wa safu, akala kete tatu. Basi tokea hapo kila jioni tukimtafuta yuko chini ya mkwaju. Kulikuwa na baba mmoja amekuja na familia yake kutoka Songea, anajua bao vizuri sana, yeye na babu walicheza mpaka giza linaingia, watu wamesimama duara kimya, kete zinalia tu ubaoni, halafu ghafla wote wanaguna kwa pamoja mtu akila vibaya. Hoteli zinazoweka meza za pool na mashine za gemu nawaomba sana mje muone hili, bao mbili na mzee mmoja anayeheshimiwa na kulipwa vizuri vinakusanya watu kuliko hizo mashine.

Safari ya Mikindani, mji mkongwe wa pwani, iliwekwa asubuhi ambayo maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo hukosi kuogelea. Ni karibu tu, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini kwenye barabara ya kwenda Lindi, walituchaji shilingi 25,000 kwa mtu mzima na nusu kwa mtoto, gari na mtembezaji ndani. Mtembezaji ni kijana mzaliwa wa hapo hapo na hii ndo tofauti, kwa sababu kila tukipita anasalimia watu kwa majina, shikamoo bibi, hujambo mjomba, na kabla hatujapiga picha ya mlango wa mtu anaomba kwanza. Wageni wenzangu naomba tuzingatie hili hata mkienda wenyewe, zile nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga watu wanaishi humo, kuna mtu anamenya muhogo ndani ya huo uzuri unaoupiga picha.

Boma la Wajerumani limejengwa 1895, lilikuwa limechakaa likakarabatiwa na shirika la Trade Aid na sasa ni hoteli, tulipanda mpaka juu kwenye mnara na ukiwa pale unaiona ghuba yote ya Mikindani imejizungusha karibu duara, mibuyu mikubwa, mashua, misikiti, paa za mabati na za makuti zimechanganyika. Tukaonyeshwa jengo linaloitwa soko la zamani la watumwa, na nyumba yenye kibao cha kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kizungu, aliyeondokea Mikindani mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho, ile ambayo aliishia kufariki kijijini kwa chifu Chitambo huko Zambia ya leo mwaka 1873. Kijana alisimama muda mrefu zaidi pale kwenye soko kuliko kwenye kibao na nilimuelewa kabisa. Alituambia tukae kivulini akaeleza misafara ilivyokuwa inatoka bara huko ziwa Nyasa inashuka mpaka hapo, watu wamebebeshwa pembe za ndovu halafu wenyewe nao wanauzwa. Mama mkwe alisikiliza bila kusema kitu, tulipotoka akaniambia "Mwanangu, haya tulikuwa tunayasikia kwa wazee wetu kule Newala, kwamba watu walikimbilia juu kwenye uwanda wakajificha kwenye vichaka, sikuwahi kupaona walikokuwa wanawakimbia." Hiyo sentensi peke yake kwangu ilizidi thamani ya 25,000.

Nilitamani tu wangetupa muda zaidi. Masaa mawili na nusu hayatoshi, tulikimbizwa mwisho mwisho kwa sababu dereva alikuwa na wageni wengine wa kuwafuata uwanja wa ndege, na sehemu ya kuelezea jinsi Mtwara ilivyokuja kuichukua nafasi ya Mikindani ikapitiwa garini juu juu. Wakati hiyo ni habari tamu sana, kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walihamia Mtwara kwa ajili ya bandari ya kina kirefu na ule mradi mkubwa wa karanga, wakajenga na reli mpaka Nachingwea, mradi ukafa na reli ikaja kung'olewa, bandari ikabaki. Ukiijua hiyo ukirudi mjini hata mitaa ya Shangani unaiangalia tofauti. Wawape wageni asubuhi nzima jamani, watu watalipa.

Msangamkuu tulikwenda wenyewe siku moja mchana kwa kivuko, ni hapo ng'ambo tu, nauli ndogo sana, watoto walifurahia kivuko kuliko ufukwe.

Ufukwe wa Msimbati ndo safari kubwa. Ni kilomita arobaini na kitu kutoka mjini, unapita Madimba ambako kuna kiwanda cha kuchakata gesi, watoto wakauliza yale mabomba ni ya nini nikapata nafasi ya kuwaambia gesi iligunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982 na tangu 2015 kuna bomba linaipeleka mpaka Dar, kwa hiyo sehemu ya umeme unaowasha feni yetu nyumbani inatokea huku. Ukifika unalipia kiingilio cha hifadhi kwa sababu eneo lote ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ulizeni mapema kama bei ya risoti imeshajumlisha hicho kiingilio maana ya kwetu haikujumlisha na hawakusema mpaka tuko getini. Hilo sikulipenda. Mtu na familia yake anatakiwa ajue hela yote kabla hajapanda gari.

Ufukwe wenyewe nisiongeze chumvi, ni mweupe na mrefu na mchanga wake ni laini ila umeshikana mpaka magari yanapita juu yake maji yakiwa yamekupwa. Na hapa tena ule ubao wa risepsheni ukaonyesha kazi yake, dereva wetu alijua anatakiwa awe ametoka mchangani kabla ya saa fulani, akapaki juu kwenye minazi, wakati kundi jingine lililokuja na gari lao binafsi lilibaki mpaka maji yakawa yanalamba matairi, wavulana wa kijiji ndo waliowasukuma. Maji ni masafi unaona miguu yako. Ila wenye watoto wadogo sikieni, upande wa Ruvula kina kinashuka haraka mno, unapiga hatua chache tu kutoka nchi kavu umeshazama, usimuache mtoto hata dakika moja. Kwa wanaojua kuogelea hiyo ndo raha yake kwa sababu huhitaji boti kuona matumbawe, unavaa miwani na mrija unajilaza juu ya maji unaona samaki wa kila rangi. Mume wangu alitoka kule anaongea haraka haraka kama mtoto, kasa amempita chini yake. Nyangumi nao hupita pwani hii kuanzia kama mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, sisi hatukubahatika.

Na hapa ndo nakuja kwenye lalamiko langu kubwa na naliandika kwa uzito wote. Risoti ina kayaki na boti ya kuzungusha wageni ghubani, vizuri, lakini majaketi okozi ya watoto hayakuwepo ya kutosha. Yalikuwepo ya watu wazima tu, na mawili ya watoto ambayo moja kamba yake imekatika. Kijana wa boti akataka kumvalisha binti yangu jaketi la mtu mzima amfunge kwa kamba kiunoni, nikakataa, hatukupanda. Jaketi kubwa kwa mtoto mdogo linapanda usoni akiingia majini, linamtoka, ni sawa na hana. Nilienda kwa meneja, akanisikiliza kwa adabu, akasema ameagiza, siku tunaondoka yalikuwa hayajafika. Sehemu inayoita familia, inayojua mwezi na bamvua namna hii, haiwezi ikakosa jaketi la mtoto wa miaka saba. Mkienda na watoto ulizeni hili kabla ya kulipa buking, na msipande mkiambiwa "tutakuwa karibu karibu tu".

Chakula ni kizuri ila kinachelewa, agiza saa moja kabla ya kusikia njaa. Pweza wa nazi nimekula sijapata kula wa hivyo, amelainika bila kuwa kama mpira, changu wa kukaanga, kolekole wa kupaka, wali wa nazi, kisamvu. Samaki wanatoka soko la feri asubuhi ile ile, unawaona wanashushwa. Chai ya asubuhi lakini ilikuwa ya kujirudia, chapati, mayai, soseji, mkate wa kuchoma, kama vile tuko hoteli ya mjini popote. Mama mkwe siku ya pili akamuita mpishi, "Mwanangu, mko Mtwara, ming'oko iko wapi?" Yule kaka akacheka kwa aibu, kesho yake akaleta sahani nzima ya hiyo ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ya kuchemsha na chumvi na karanga za kukaanga. Wageni wa meza ya pili waliotoka Mwanza wakaja kuuliza hiki ni nini, wakaonjeshwa, wakaagiza. Naomba risoti iiweke kwenye menyu moja kwa moja, iandikwe na bei, isiwe mpaka mama wa Newala aombe.

Mengine madogo: jumamosi usiku kuna muziki mpaka saa sita na spika zimeelekezwa vyumbani, wazigeuze. Mashine ya kadi ilikuwa haifanyi kazi, tulilipa kwa simu, makato yakawa juu yetu. Maji ya kunywa chupa moja kwa siku kwa chumba cha watu wanne haitoshi na joto lile.

Kwa anaepanga kwenda, kabla hujachagua tarehe fungua kalenda ya mwezi. Kama mnataka kuogelea muda mwingi bila kusubiri bahari, lengeni siku za maji mafu. Kama mnataka mchanga mpana wa michezo na kutembea mbali miambani muone kina mama wanavyochokoa pweza na kutanda uduvi, nendeni kwenye bamvua, na mvae viatu vya plastiki kwa sababu kuna viumbe wa miiba kwenye mawe. Sisi tulikwenda likizo ya katikati ya mwaka, kusi inavuma, nje ya ghuba bahari ilikuwa na mawimbi lakini upande wa risoti palitulia, usiku kulikuwa na kaubaridi ka kuhitaji shuka zito. Kutoka Dar kwa basi ni safari ya siku nzima, lami yote, na kurudi mabasi yanaondoka alfajiri sana, kwa hiyo waambieni jikoni usiku wawafungie chakula, wanafanya hivyo bila malipo ya ziada, sisi tulifungiwa chapati na pweza mkavu, na ming'oko ya mama kwenye kifuko chake peke yake.